Mtaro wa Mikoroshini

Masika, 1981

Machi 3, Jumanne

Mtaro umekwisha. Unaanzia kwenye uzio wa juu, maji yanapoingilia kutoka kilimani, unapita nyuma ya madarasa, kati ya vyoo na banda la kuku la shule, unakata katikati ya yaliyokuwa majaruba yetu ya mpunga, na unaishia kwenye kichaka cha bondeni. Darasa la sita na la saba wameuchimba tangu Januari katika vipindi vya kazi za kujitegemea. Umenyooka. Mwalimu mkuu wetu, Gregori, aliivuta kamba mwenyewe.

Mimi ni msaidizi wake na mwalimu wa afya, kwa hiyo usafi wa Shule ya Mikoroshini ni jukumu langu. Mwaka jana, katika mashindano ya usafi wa shule, wakaguzi walitukata alama kwa sababu ya majaruba. Waliyaita madimbwi. Ngao ilikwenda Misufini, shule iliyo juu yetu kilimani, ng'ambo ya mpaka, upande wa wilaya ya Kisarawe; sisi ni Kibaha. Gregori ni mtu wa Songea, hapigi kelele wala hasahau. Safari hii matuta ya majaruba yamebomolewa na maji hayatakuwa na mahali pa kusimama.

Wakaguzi watapita Aprili. Mvua bado. Mahindi yaliyopandwa kwenye udongo mkavu yanafukuliwa na kuku. Msikitini wanaomba mvua, na kanisani wanaomba.

Machi 6, Ijumaa

Mawingu upande wa Pugu. Hayakunyesha.

Machi 11, Jumatano

Imenyesha, tangu kengele ya saa nne hadi mchana. Maji ya Misufini yaliingia kwa sauti kabla hatujayaona. Yalikuwa meusi. Yalileta samadi ya zizi lao, majani ya migomba, kandambili moja, kuku aliyekufa. Mwaka jana vitu hivyo vingekaa kwetu mpaka Juni. Leo vilipita nyuma ya madarasa mbio na kupotelea kichakani. Mvua ilipokatika uwanja ulikuwa na unyevu tu.

Watoto walishangilia. Gregori alisimama barazani na mikono nyuma.

"Umeona, Mwalimu Kidawa?"

"Nimeona."

"Mwaka huu watatafuta dimbwi kwa tochi."

Nilicheka. Nilifurahi kama yeye.

Machi 14, Jumamosi

Nilikwenda Kitopeni kwa mama. Ni chini ya saa moja kwa miguu, bondeni. Mwanangu Mwanakheri anakaa naye na anasoma darasa la tatu pale. Nyumba yangu ya ualimu ni chumba kimoja, na mama hawezi kukaa peke yake. Kila mtu hapa ameniambia ni mpango mzuri.

Maji ya mtungini yalikuwa na rangi ya chai. Mama alikuwa akiyachuja kwa kipande cha kanga.

"Mama, haya yametoka wapi?"

"Kisimani. Kwani kuna bomba?" Bomba la kijiji halina spea tangu vita vya Uganda.

"Mbona yako hivi?"

"Mvua ya kwanza hiyo. Inaosha nchi. Wewe umezaliwa hapa, unauliza kama mgeni wa serikali."

Mwanakheri alisema mwalimu wao amewaambia wasinywe, lakini hakuwaambia wanywe nini. Alisema hivyo akicheka. Nilimwambia mama achemshe. Akanionyesha kuni zimelowa, na chupa ya mafuta ya taa tupu. Dukani hayajaja mwezi huu. Sabuni pia.

Nilichemsha sufuria moja kwa vifuu vya nazi, ikatosha kwa leo. Sijui ya kesho.

Machi 17, Jumanne

Mvua usiku kucha. Uwanja mkavu.

Machi 18, Jumatano

Mvua. Uwanja mkavu.

Machi 20, Ijumaa

Nilipanda Misufini na chupa ya maji niliyoyateka kwenye uzio wetu. Mwalimu mkuu wao, Isihaka, alinipokea vizuri. Ngao iko ukutani nyuma ya kiti chake, ameipaka mafuta.

"Karibu, jirani. Umekuja kuiaga ngao yako mwaka mwingine?"

Niliweka chupa mezani. Akaiinua dirishani akaitazama.

"Chai ya rangi. Hamna maziwa huko Kibaha?"

"Imetoka zizini kwako, Mwalimu. Inapita chini ya madirisha ya watoto wetu."

"Dada yangu, mimi ni Kisarawe. Wewe ni Kibaha. Maji yakishavuka uzio ule yamehama wilaya. Nikuandikie na uhamisho wake?"

Walimu wawili waliokuwa wakisahihisha madaftari walicheka. Sikucheka. Akaweka chupa chini na sauti yake ikabadilika.

"Sikiliza. Nimeambiwa uwanja usiwe na maji. Hauna. Nyinyi mmeambiwa nini?"

"Hivyo hivyo."

"Basi. Yenu mmeyapeleka wapi?"

Nilimwambia kichakani. Alinitazama. Akanisindikiza hadi getini.

Wakati wa kurudi sikuingia shuleni. Niliufuata mtaro wetu hadi kichakani na kupita. Hakuna mtu wetu aliyewahi kupita pale tangu tuanze kuchimba. Kamba ilifika kichakani, kazi ikaisha.

Nyuma ya kichaka kuna korongo. Korongo hilo nalijua tangu utotoni, linateremka hadi Kitopeni. Tulikuwa tukicheza humo hata masika, kwa sababu lilikuwa kavu, lina mchanga mweupe. Sikuwahi kujiuliza kwa nini lilikuwa kavu. Majaruba yalikuwa ya wazee kabla hayajawa ya shule, na maji ya kilima chote yalikuwa yakisimama humo na kunywewa na ardhi pole pole. Leo mchanga haupo. Kuna tope, kuna manyoya ya kuku wetu, kuna makaratasi ya madaftari ya chooni. Nilisoma kwenye moja jina la mwanafunzi wetu wa darasa la tano.

Korongo linapita hatua chache kutoka kisima cha Kitopeni. Ukingo umeliwa. Maji yanaingia.

Machi 21, Jumamosi

Nilimwambia Gregori nilichokiona. Alisema tutaangalia baada ya ukaguzi. Nilimwambia masika haisubiri ukaguzi. Alisema, "Najua." Akaendelea kupaka chokaa mawe ya bustani.

Machi 24, Jumanne

Jua. Nilifua. Sikuamini jua.

Machi 27, Ijumaa

Ukuta wa choo cha wavulana umeanguka. Vyoo vile vilichimbwa kwa ajili ya shule ya zamani. Tangu watoto wote waandikishwe tumekuwa mara mbili, na mashimo hayakuongezwa. Mvua ilianza asubuhi. Ilipofika mapumziko, ukingo wa shimo ulikuwa umeingia mtaroni, na kilichokuwa ndani kilianza kutoka.

Nilisimama pale na mwamvuli. Gregori alikuja na viranja, wakatupa matofali, wakatupa mlango wa zamani. Maji yaliuchukua mlango. Harufu ilidumu kwa muda mfupi tu, kwa sababu kila kitu kilipita upesi. Ndivyo tulivyokusudia.

Saa nane uwanja ulikuwa mkavu.

Nilihesabu mwendo wa maji kichwani: kichaka, korongo, mwembe uliokatwa, kisima. Kwa kasi ile yangefika kabla watoto wa Kitopeni hawajatoka darasani na ndoo zao. Nilimtuma mtu mwenye baiskeli kwa mama awaambie wasiteke. Alirudi akasema wameambiwa, lakini mama ameuliza wateke wapi.

Tangu leo nikisikia mvua kwenye bati, natoka nje kutazama mtaro.

Machi 28, Jumamosi

Mvua.

Machi 29, Jumapili

Mvua. Njia ya Kitopeni haipitiki. Nimejaribu mara mbili.

Machi 31, Jumanne

Mwalimu Eugenia, mwalimu mkuu wa Kitopeni, alikuja kwa miguu, tope hadi magotini. Ni mtu mzima kuliko sisi sote, amebakiza mwaka mmoja astaafu. Nilimwamkia.

"Marahaba. Mwanao mzima, nianze na hilo." Alikaa kwenye ngazi, hakutaka kuingia ndani na miguu ile. "Mwanafunzi wangu wa darasa la kwanza, Mashaka, tumemzika jana. Alianza kuhara asubuhi, jioni hayupo. Nusu ya darasa lake hawakuja leo."

"Mganga anasemaje?"

"Sampuli imekwenda Dar. Mpaka majibu yaje, ni kuhara." Alitazama pembeni. "Kuna neno jingine watu wanalo mdomoni, hawalitoi. Likitoka, watafunga njia kwa kamba. Mihogo haitakwenda Mlandizi, wala mtu hatakwenda kwenye basi. Mwenyekiti amepita nyumba kwa nyumba kuwaambia wafunge midomo."

Nilimwuliza kama wamefunga kisima.

"Nikifunge niwape nini? Mto Ruvu uko mbali na una mamba. Nimekuja kuwauliza nyinyi mnaweza kufanya nini."

"Sisi yanatujia kutoka Misufini, Mwalimu."

"Misufini siijui, mwanangu. Mimi kwangu aliye juu ni nyinyi."

Nilimpa maji ya kunywa kutoka tangi letu la mvua. Alikunywa vikombe viwili, akaomba kujaziwa chupa.

Aprili 2, Alhamisi

Nilimwambia Gregori tuuzibe mtaro na turudishe matuta ya majaruba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nayaandika maneno yake kama yalivyokuwa, kwa sababu nilikwenda pale nikiwa nimekwisha kumchukia.

"Ukiuziba, maji yatasimama hapa. Maji ya zizi la Misufini na ya choo chetu. Yakijaa majaruba yatapanda hadi darasa la kwanza, wako chini kabisa. Watoto wadogo mia na zaidi, wengi hawana viatu. Wale wa Kitopeni ni watoto. Na hawa?"

"Hawa hawayanywi. Wana tangi."

"Watayakanyaga. Watayashika, watakula maembe kwa mikono ile ile. Sabuni iko wapi? Wewe ndiye mwalimu wa afya, niambie sabuni iko wapi."



"Halafu wakaguzi wanakuja Ijumaa ijayo," akasema. Alikuwa ameshika kipande cha chaki, akakiweka chini. "Sikatai kwamba na hilo nalifikiria."

Aprili 3, Ijumaa

Mvua kidogo. Nilikaa dirishani mpaka ikakatika.

Aprili 5, Jumapili

Maneno, jirani wa mama, alifika kwa baiskeli watu wakitoka kanisani. Hakuniamkia. Alisema, "Twende, mtoto anaumwa," nikapanda nyuma.

Mwanakheri alikuwa amelala juu ya mkeka nyuma ya nyumba, karibu na choo, kwa sababu alikuwa hawezi tena kwenda na kurudi. Ameanza alfajiri. Kilichokuwa kikimtoka hakikuwa na rangi wala harufu ya kinyesi, kilikuwa kama maji ya kuoshea mchele. Macho yameingia ndani. Nilimfinya ngozi ya mkono, ikabaki imesimama. Vidole vilikuwa na mikunjo kama vya mtu aliyefua kutwa. Aliniita, sauti ikatoka bila mlio.

Mama alikuwa anazunguka na ufagio, anafagia pale pale alipokwisha fagia.

"Nilichemsha," akasema. "Nilichemsha ya kunywa. Ya kupigia mswaki sikuchemsha."

Nilijua dawa ni maji, chumvi na sukari. Nimeifundisha ubaoni. Chumvi ilikuwepo. Sukari haipo kijijini tangu Februari. Maneno akapanda mnazi wa mama bila kuambiwa, akaangua madafu. Tulimnywesha maji ya dafu kwa kijiko, na chumvi kidogo. Kijiko kimoja kikikaa, kingine kinatoka. Nilimwambia asitapike, akanitazama kana kwamba nimemwonea.

Kisha tukamfunga mgongoni kwa Maneno kwa kanga mbili, Maneno akapanda baiskeli, mimi nikakimbia nyuma na dafu mkononi. Kwenye tope alishuka akasukuma, nikamshika mtoto kichwa kisianguke. Tulikutana na watu njiani. Walisimama pembeni, mbali, wakafunika pua. Mwanamke mmoja tuliyesoma naye aliuliza kutoka ng'ambo ya njia, "Ni ule?" Nikamwambia ni kuhara. Niliongea kama mwenyekiti.

Kwenye kituo cha afya cha Mlandizi watoto walikuwa wamelazwa barazani. Mganga Mbaraka alimtazama mara moja, akatafuta mshipa. Hakuupata mkononi. Hakuupata mkono wa pili. Akaupata mguuni. Chupa ya maji ikatundikwa kwenye msumari wa dirisha.

"Una bahati," akasema. "Si ya mtoto, ya chupa. Ilikuwa imebaki hii na nyingine."

Nilikaa nikitazama matone. Mtu aliyekuwa amelala karibu yetu, mzee, alitazama matone yale yale. Yeye hakuwa na chupa. Sikugeuza uso upande wake tena.

Aprili 6, Jumatatu

Amekojoa. Mbaraka alikuja kuangalia mkojo kana kwamba ni habari njema, na ilikuwa habari njema. Anakunywa mwenyewe. Mzee wa jirani amekufa alfajiri.

Aprili 7, Jumanne

Mwanakheri ameomba uji. Mama amefika na kibuyu. Mchana mawingu yalikusanyika upande wa Kisarawe, meusi, ya chini. Kituo kizima kilitoka kuyatazama. Wakulima waliokuja kuuguza walisema ni mvua nzuri ya kupalilia.

Mama alinikuta nimesimama mlangoni.

"Unatazama nini?"

"Mvua."

"Basi nenda. Huyu ninaye mimi. Kule nimeacha kijiji kizima kinakunywa, na wewe una ufunguo wa stoo ya majembe."

Nilimwambia siwezi kumwacha mtoto.

"Akitoka hapa atarudi kunywa wapi?" akasema mama.

Nilikwenda.

Aprili 8, Jumatano

Nilifika shuleni kabla ya kengele, nikachukua jembe, nikaanza kwenye uzio wa bondeni, pale mtaro unapotoka. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Niliona viatu vya Gregori kwenye tope, nikaendelea kulima bila kuinua kichwa. Kisha nikasikia jembe la pili.

Tulilima mpaka jua likapanda. Ndipo aliponieleza. Jumapili, nilipokuwa nakimbia nyuma ya baiskeli, yeye alikuwa Kitopeni. Alikwenda kutoa pole kwa baba wa yule mtoto Mashaka. Alikaa jamvini na wanaume, akasema maneno yanayosemwa. Mama wa marehemu akaleta maji ya kunywa kwenye kikombe cha bati, akampa kwa mikono miwili.

"Yalikuwa na rangi ile?"

"Hata sikuyatazama. Alisimama mbele yangu anasubiri kikombe."

"Ukanywa."

"Ningefanyaje, Mwalimu Kidawa? Nimwambie haya siyanywi? Yeye ndiyo anayokunywa. Nilikunywa yote, nikashukuru." Alilima kidogo. "Nikatoka pale nikitembea polepole. Nimepita kwenye korongo. Sijalala siku hizi. Kila tumbo likiguruma nadhani ndiyo."

Nilimwuliza kama ameumwa. Akasema bado. Alisema "bado", hakusema "hapana".

Aliwatoa wanafunzi wa darasa la sita na saba wote. Waliouchimba mtaro ndio walioufukia. Mmoja alinung'unika kwamba walimu hawajui wanachotaka, Gregori akamwambia ni kweli, aendelee. Tuliinua matuta ya majaruba, tukayashindilia kwa miguu, tukapanda nyasi kwa vipande. Darasa la kwanza walihamishiwa kwenye ghala la kijiji kule juu, tupu tangu korosho ziende. Tulichimba shimo jipya la choo mahali pa juu, tukafukia la zamani kwa udongo na majivu ya jikoni. Kuku wakaenda nyumbani kwa Gregori.

Mvua ilianza tukiwa kwenye tuta la mwisho.

Aprili 9, Alhamisi

Haijakatika. Maji ya Misufini yanaingia yote na hayatoki. Majaruba yalijaa kabla ya saa tatu. Kisha yakapanda: uwanja wa gwaride, bustani na mawe yake ya chokaa, sakafu ya darasa la kwanza. Madawati yanaelea yakigongana. Walimu wamegawana matuta, kila mmoja na fungu lake, tunatembea juu na kurudi tukitafuta ufa. Nilipata mmoja mdogo kuliko kidole. Nikauziba kwa kisigino, nikaogopa kuinua mguu, nikasimama hivyo mpaka kiranja alipoleta udongo.

Mchana maji yaliingia nyumbani kwangu. Nimeweka godoro juu ya meza. Naandika nikiwa nimekaa juu ya godoro. Chini kuna majani ya migomba ya Misufini.

Tuta likikatika, litapeleka bondeni kwa mara moja yote tuliyoyazuia. Hilo hatukulifikiria wakati tunalima. Gregori amelifikiria sasa, nimemwona usoni. 

Aprili 10, Ijumaa

Tuta limesimama. Wakaguzi walikuja.

Landrova yao ilinasa getini, wanafunzi wakaisukuma. Mkubwa wao, Bwana Matano, alikunja suruali akasimama ukingoni mwa maji. Yalikuwa yanakaribia baraza.

"Mwalimu Gregori. Hili ni nini?"

"Dimbwi, mzee."

"Nimeambiwa mlichimba mtaro wa mfano. Tulitaka kuwaleta wengine waje kuuona."

"Tulichimba. Tumeufukia."

"Lini?"

"Juzi."

Bwana Matano alitutazama sote, mmoja baada ya mwingine, tope tupu. "Kuna mtu amewaagiza?"

Nilimweleza: korongo, kisima, kaburi la Kitopeni, mtoto wangu Mlandizi. Nilimwambia kwamba akishuka na sisi atayaona. Alisema ratiba haina Kitopeni. Nilimwambia shule zinazoshindana zinasukumiana maji, na ya juu ndiyo inayopata ngao kila mwaka. Alifikiri.

"Mwalimu, mimi napewa mambo ya kuangalia. Maji yaliyotuama ni kosa. Sina mahali pa kuangalia yanakokwenda."

"Basi kata alama," akasema Gregori. Uso wake ulikuwa na jasho ingawa kulikuwa na baridi. "Samahani, mzee, naomba nitoke kidogo." Akaenda kwenye choo kipya upesi, akipita majini bila kunyanyua suruali.

Hakurudi kuwaaga.

Aprili 11, Jumamosi

Gregori amepelekwa Mlandizi. Amelazwa barazani pale alipokuwa yule mzee. Nilimkuta anakunywa maji ya chumvi na sukari. Sukari imeletwa kituoni na lori jana. Mwanakheri alikuwa amekaa pembeni yake, amepewa kazi ya kuhesabu vikombe.

"Cha ngapi?" nikamwuliza.

"Hataki kumaliza. Nimemwambia mwalimu mkuu hatakiwi kuwa mbishi."

Gregori alifumba macho. Nimemwogopea mtu huyu kama ndugu yangu, na wiki iliyopita nilikuwa nikimwombea mabaya.

Aprili 14, Jumanne

Majibu ya sampuli yamekuja. Ni neno lile. Kamba imefungwa barabarani. Wanamtukana Mwalimu Eugenia eti ndiye aliyelitoa.

Aprili 15, Jumatano

Mvua. Tuta.

Aprili 21, Jumanne

Gregori amerudi, amekonda, anatembea na fimbo. Ameomba apewe fungu lake la tuta.

Aprili 27, Jumatatu

Alifika Isihaka wa Misufini, hakuvuka uzio. Alisimama upande wake wa Kisarawe akatazama shule yetu iko majini. Nilimwendea. Aliuliza habari za wagonjwa, nikamjibu. Aliuliza kama ni kweli mtoto wangu alikuwa mmoja wao.

"Ni kweli."

"Mtaro wangu nao una kichaka mwishoni," akasema. "Na mimi nilikuwa sijapita kichaka."

Nilimwuliza atafanya nini. Alisema atazungumza na kamati yake, lakini ngao itakabidhiwa mwezi ujao, wageni wanakuja. Kisha akaondoka. Sijui kama atafanya. Maji yake bado yanaingia.

Mei 6, Jumatano

Mvua zinakuwa fupi. Wamefungua kamba. Korongo halijapitisha maji tangu tuzibe. Eugenia na wazazi wamekausha kisima, wamekisugua, wameinua ukingo kwa matofali ya kuchoma. Nilikitazama kwa muda mrefu. Maji yamerudi, yanaonyesha chini. Hakuna aliyekuwa wa kwanza kuteka mpaka Eugenia alipoteka.

Mei 10, Jumapili

Nilikwenda Kitopeni. Mwanakheri amenenepa kidogo mashavu. Tulipika wote, tukala. Baadaye nilimchotea maji kwenye kikombe chake, maji ya mtungini, yaliyochemshwa na kupoa, meupe.

Hakuyapokea.

"Yametoka wapi, mama?"

"Kisimani. Yamechemshwa, nimechemsha mimi."

"Na kabla ya kisimani?"

Mama yangu alisema mtoto asiulize maswali, anywe. Nikamwambia mwache. Nikakaa naye chini, nikamtajia njia yote bila kuruka: mvua, kilima, zizi la Misufini, uzio, vyoo vyetu, majaruba, tuta lililosimama, udongo wa chini ambako sisi hatuoni. Nilimwambia nadhani sasa yanafika yakiwa safi. Nilisema nadhani, kwa sababu ndivyo ninavyojua.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikitazama kikombe, akakinusa, kisha akanipa.

"Anza wewe," akasema.